Sanduku Safi la Bi Kioo

Masufuria ya mgahawa ule yaling'aa mpaka mteja mmoja, alipochungulia jikoni kuulizia chakula chake, aliona sura yake kwenye kitako cha sufuria, akarudi mezani kuchana nywele. Si chuku. Au ni chuku kidogo tu, ya kutia ladha.

Mwenye kuyang'arisha alikuwa mama mkwe wa mwenye mgahawa, bibi wa miaka sitini na tisa, mfupi, mwenye viganja vipana na mdomo usiojua likizo. Mtaani walimwita Bi Kioo. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, ila lilikuwa limekaa muda mrefu bila kazi.

Alikuwa na siri mbili za kuosha vyombo, na zote mbili alimtangazia kila aliyesimama karibu naye. Ya kwanza, hakugusa waya wa kusugulia. Alisugua kwa mfuko wa vitunguu, ule wa wavu mwekundu, akiukunjakunja mpaka ukawa kama ngumi. Ya pili ni maji yanayotokota. Kila alasiri, watu wa maofisini wakishakula na kuondoka, alichemsha masufuria mawili makubwa ya maji na kutia sabuni ya unga viganja viwili. La kwanza alioshea vyombo. La pili alilimwaga lote kwenye sinki kwa mkupuo mmoja, mvuke ukimfunika uso.

"Na bomba nalo lioge," alisema. "Nalo lina mwili."

Nyuma ya mgahawa kulikuwa na uchochoro, na jikoni tatu zilipeana migongo hapo. Moja ni ya mgahawa. Ya pili ni ya mwoka mikate, mtu mpole aliyejaa unga mpaka kwenye kope. Ya tatu ni ya mzee mmoja mjane aliyekaanga samaki kwenye karai moja kwa miaka ishirini na sita, karai jeusi tii ambalo Bi Kioo alilitazama kila asubuhi kwa uchungu, kama mtu anayetazama mtoto wa jirani asiyefutwa kamasi. Mzee huyo aliitwa Mzee Karai.

"Hujambo, mchumba?" Mzee Karai humwamkia.

"Mchumba wako ni huyo samaki. Angalau hana miguu ya kukukimbia."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya kila siku, na siku yalipokosekana, wote wawili hawakula vizuri.

Kila jikoni ilikuwa na sanduku la mafuta, sanduku la chuma lililofukiwa ukutani kwa nje, lenye mfuniko juu. Maji ya sinki hupita humo kwanza. Mafuta huelea na kubaki, maji hutokea kwa chini na kuingia kwenye bomba kubwa la maji taka la mtaa. Ndivyo walivyoelezwa siku yalipofungwa, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza zaidi.

Jumatatu moja asubuhi, mfuniko wa chemba ya maji taka katikati ya uchochoro uliinuka wenyewe, ukateleza pembeni, na maji ya kijivu yakaanza kutembea kuelekea milango ya jikoni kama mgeni asiyebisha hodi. Ilikuwa mara ya tatu katika miezi miwili. Mwoka mikate alipanda juu ya kreti. Mzee Karai alisimama juu ya benchi na karai lake mkononi. Bi Kioo alivua kandambili, akapandisha gauni magotini, akaenda kuchungulia.

Saa nne fundi wa mabomba wa jiji akafika, mwanamke mrefu mwenye buti za mpira zilizofika mapajani, pamoja na wasaidizi wawili na fimbo ndefu za chuma. Walisukuma, wakazungusha, wakavuta. Likatoka bonge. Lilikuwa kubwa kama mbuzi aliyelala, jeupe la kukaribia kijivu, gumu kwa juu, laini kwa ndani.

"Hilo ni jiwe?" Bi Kioo aliuliza. Alikuwa amesogea mpaka msaidizi mmoja akamshika mkono asitumbukie.

"Ni chakula chenu, bibi. Mafuta. Yanashuka huku yakiwa maji, chini ni baridi, yanaganda. Kila siku yanavaa ngozi moja juu ya nyingine mpaka bomba linabaki na tundu la kupitisha kidole."

"Na kwa nini yasigandie kwenye sanduku?"

"Hilo ndilo swali," alisema fundi, akafuta jasho kwa kiwiko. "Sanduku mojawapo hapa halifanyi kazi. Sikilizeni. Kazi yangu ni bomba, kesi zenu sizijui. Ijumaa narudi na kizibo. Mkiniambia jikoni ni ipi, naziba hiyo. Mkificha, naziba zote tatu. Mtaa mzima wa huko chini unanuka kwa ajili yenu."

Alipogeuka kukusanya fimbo zake, Bi Kioo alijimegea kipande cha bonge kwa mwiko, akakitia kwenye kopo tupu la maziwa, akafunika.

"Mama, hicho cha nini?" mkamwana wake aliuliza, mkono puani.

"Nataka kujua kinatoka kwa nani."

"Kinatoka chooni!"

"Kila kitu kina kwao," alisema Bi Kioo.

Mchana ule ule majirani wakafungua masanduku. La mwoka mikate lilikuwa na utando mwembamba wa siagi, kitu cha kawaida. La mgahawa, mkamwana alipoinua mfuniko, lilikuwa safi. Si safi la kusema hivi hivi. Ungeweza kunywea chai. Bi Kioo alijikohoza na kuangalia pembeni, kama bibi harusi anayesikia anasifiwa. Kisha wakafungua la Mzee Karai. Mafuta ya kahawia yalijaa humo vidole vinne kwenda chini, mapovu yakiwa yamekauka juu, na harufu ya samaki wa wiki nzima ikapanda ikawapiga usoni.

"Haya," alisema Bi Kioo, na alisema kwa sauti. "Mchawi huyu hapa. Mtu asiyeosha karai miaka ishirini na sita ataosha sanduku?"

Watu walicheka. Mwoka mikate naye alicheka, kisha akajuta. Mzee Karai hakucheka. Alifunika sanduku lake taratibu.

"Ndivyo mnavyoona?" aliuliza.

"Macho tunayo," alisema Bi Kioo.

"Sawa," alisema, akaingia ndani. Hakumwita mchumba.

Basi ikawa imeamuliwa. Ijumaa jikoni ya Mzee Karai ingezibwa. Bintiye aliyeishi ng'ambo ya mji alisikia, akampigia simu kwamba kiti chake kiko tayari barazani, aje apumzike, umri umekwenda. Mzee Karai alilieleza jambo hilo kwa mwoka mikate kwa maneno machache: "Kiti. Nikae nitazame magari."

Jumanne asubuhi Bi Kioo alitandika gazeti juu ya meza ya jikoni, akakipasua kile kipande cha bonge kwa kisu cha kumenyea. Alitaka kukuta magamba ya samaki. Angeyakuta, angeyaweka kwenye karatasi, angempelekea Mzee Karai ushahidi wake pamoja na maneno mawili matatu yatakayomchoma, kisha angemsamehe, na mambo yangerudi yalivyokuwa. Alikuwa ameshayapanga hata hayo maneno.

Magamba hayakuwepo. Alinusa. Kilinuka bomba, hilo halikuwa na mjadala, lakini samaki hakumsikia. Alizidi kupasua. Ndani, katikati ya weupe, kulikuwa na uzi mfupi mwekundu. Akautoa kwa ncha ya kisu. Chini yake mwingine. Na mwingine. Alipomaliza, alikuwa na nyuzi kumi na saba, nyekundu, nyembamba, za plastiki, zimejikunja kama kucha zilizokatwa.

Bi Kioo aligeuka polepole akautazama mfuko wake wa vitunguu pembeni ya sinki. Ulikuwa umenyonyoka upande mmoja.

"Hata yule mzee ananunua vitunguu," aliuambia.

Alitoka nje ahakikishe. Mzee Karai alikuwa amepiga goti mbele ya sanduku lake na upawa wa bati, akichota mafuta na kuyatia kwenye ndoo yenye mfuniko.

"Unafanya nini?"

"Kwani macho huna?" alisema bila kuinua kichwa.

Bi Kioo aliyameza hayo. Yalikuwa yake, yamerudi nyumbani. "Nakuuliza kwa wema."

"Leo Jumanne. Kila Jumanne nachota. Kuna mama mmoja anapika sabuni, anakuja kuyachukua. Miaka yote. Nyinyi mlifungua Jumatatu, mkakuta ya wiki nzima."

"Karai lako unasugulia nini?"

"Silisugui. Nalifuta kwa karatasi, basi. Si unanitukana kwa hilo kila siku ya Mungu?"

Bi Kioo alirudi jikoni kimya. Mkamwana wake alimshika paji la uso kuona kama ana homa.

Sasa, mtu mwingine angekitupa kile kipande na zile nyuzi, akashika mambo mengine. Lakini Bi Kioo tangu utoto alikuwa mtu wa kufungua vitu. Alikaa darasani miaka saba, na katika miaka hiyo alifungua saa ya mwalimu, kengele ya shule na mguu wa kiti cha mwalimu mkuu, hicho cha mwisho akiwa mwalimu mkuu amekikalia. Kitu kimoja kilimkera. Nyuzi ni zake, sawa. Ila mafuta yalipitaje? Sanduku lake ni safi! Kama ni safi, hakuna mafuta. Kama hakuna mafuta, bonge limetoka wapi?

Jumatano alasiri alichukua jagi la kioo, akatia maji ya bomba, na kijiko cha mafuta aliyoyapakua kwenye sufuria ya nyama. Mafuta yakapanda juu, yakatulia, yakakaa hapo kama mwenye nyumba. Alitikisa jagi. Yalitawanyika, yakarudi juu.

"Enhe. Hapo sanduku linayakamata," alisema.

Akamwaga. Akarudia, safari hii kwa maji yanayotokota na sabuni yake ya unga. Akakoroga. Mafuta yakatoweka. Hayakuwa juu, hayakuwa chini, maji yote yalikuwa yamegeuka meupemeupe kama maziwa ya mchoyo. Bi Kioo alitabasamu. Alikuwa akiyaona hayo kila siku kwenye sinki, na kila siku aliyaita ushindi.

Kisha akaacha kutabasamu, kwa sababu alikumbuka maneno ya fundi: chini ni baridi. Alichukua chupa tupu ya maji ya kunywa, akailaza ndani ya beseni la maji baridi, akatia vipande vya barafu kutoka kwenye friji ya soda. Hilo ndilo bomba la jiji, alijiambia. Akamimina yale maji meupe ndani ya chupa. Akaketi. Akachambua mchele mpaka sahani ya pili. Aliporudi kutazama, chupa ilikuwa imevaa utando mweupe ndani, mwembamba, laini. Alipitisha kidole shingoni mwa chupa. Ulikuwa ni ule ule. Ngozi ya kwanza ya bonge.

Alikaa na kidole hewani kwa muda.

Sanduku lake lilikuwa safi kwa sababu halijawahi kukamata kitu. Kila alasiri, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa akiyayeyusha mafuta ya vyakula vya watu arobaini na kuyasindikiza mpaka chini ya barabara, na kule yakafika, yakasikia baridi, yakalala. Na sanduku chafu la Mzee Karai lilikuwa chafu kwa sababu lilifanya kazi yake.

"Mungu wangu," alisema Bi Kioo. "Nimeliogesha jiji mafuta."

Alhamisi alimwambia mkamwana wake. Alimwonyesha chupa, jagi, nyuzi kumi na saba. Mkamwana alitazama, kisha akafunga mlango wa jikoni.

"Mama, nani mwingine amejua?"

"Wewe."

"Basi tuache hapo. Tangu leo tusimwage maji ya moto, na yaliyopita yamepita."

"Na Mzee Karai?"

Mkamwana alishika tama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amejenga mgahawa ule sahani moja baada ya nyingine. "Wakituziba, wale wa maofisini watakula wapi? Watapata pengine, na mtu akishazoea kiti kingine harudi. Na ni wewe uliyemwita mchawi, mbele ya watu. Kesho utasema nini?"

"Hilo ndilo linaloniwasha ulimi," alisema Bi Kioo. "Nililisema mbele ya watu."

"Mama."

"Mwanangu, mimi nimeosha vyombo maisha yangu yote. Kila chombo nakijua ndani na nje. Huyu mzee akienda kukaa kwenye kiti atazame magari, halafu mimi nabaki hapa nang'arisha, kila sufuria nitakayoiangalia nitajiona mimi. Nimechoka kujiona."

Mkamwana alicheka bila kupenda, kisha akajifuta macho kwa kanga, akafungua mlango wa jikoni.

Ijumaa fundi alikuja na kizibo cha mpira kikubwa kama boga na pampu ya kukijaza upepo. Mzee Karai alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati la kutokea. Karai lilikuwa limepinduliwa juu ya benchi. Majirani walisimama uchochoroni wakitazama viatu vyao.

"Ni ipi?" aliuliza fundi.

Mwoka mikate alinyoosha kidole nusu, kikakwama.

"Fundi," alisema Bi Kioo, "hilo boga lako lisije likakosea mlango. Njoo kwangu."

Wote waligeuka. Mkamwana alikuwa amesimama nyuma yake na sufuria ya maji yanayotokota, ameishika kwa vitambaa viwili. Hakuwa ametumwa. Bi Kioo alimwona, akamwitikia kwa kichwa.

"Fungua chemba," Bi Kioo alimwambia fundi. "Sitaki uniamini. Nataka uone."

Fundi alifungua. Bi Kioo akaingia ndani, akamwaga mafuta ya nyama kijiko kizima kwenye sinki, akatia sabuni, akayafuatishia yale maji ya moto kama alivyofanya kila siku. Uchochoroni walisubiri. Kisha chini kwenye chemba, kutoka upande wa mgahawa, yakaja maji meupemeupe, yanafuka moshi, yanateleza kwa raha zao. Fundi alichuchumaa, akakinga kidogo kwa kopo, akaliweka kwenye kivuli. Walipokuwa bado wanabishana, ukingo wa kopo ulishaanza kuvaa weupe.

"Lo," alisema fundi. "Miaka kumi na mmoja kwenye kazi hii. Nimeona masanduku yaliyojaa, yaliyotoboka, yaliyofugiwa kuku. Sijaona lililouawa kwa usafi."

"Sanduku la Mzee halina kosa," alisema Bi Kioo, na akahakikisha sauti yake inafika pale ilipofika Jumatatu. "Mchawi alikuwa mimi. Na mchawi mwenyewe alikuwa anasifiwa."

Hakuna aliyecheka mpaka Mzee Karai alipoanza. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Sheria ni sheria. Fundi aliziba bomba la mgahawa siku saba, ili wasaidizi wake wakwangue bomba la mtaa mzima. Kabla ya kuondoka alitoa masharti: kwanza vyombo vifutwe kwa karatasi au maganda ya mkate kabla havijaona maji, maji yawe ya vuguvugu, sanduku lichotwe kila wiki. "Nikishazibua nitawapa wiki moja, halafu nakuja kufungua sanduku. Nikilikuta safi, naziba moja kwa moja."

"Ukilikuta *safi*?" Bi Kioo alirudia. Hakuwahi kutishwa namna hiyo maishani.

Zile siku saba, vyombo vya watu arobaini ilibidi vioshewe mahali. Pakapatikana mahali pamoja tu, sinki la Mzee Karai, ambaye alijiwekea kigoda kando yake na kusimamia.

"Hakuna maji ya moto hapa, mchumba."

"Nimeona."

"Futa kwanza. Futa. Hapo kwenye ukingo umeacha."

"Mimi naambiwa nimeacha! Na wewe mwenye karai kama usiku!"

"Karai langu halina kesi mjini. Futa."

Alifuta. Wateja kumi walipotea wiki ile. Saba walirudi, watatu mpaka leo wanakula kwingine, na mkamwana anawajua kwa sura. Bomba lilipozibuliwa, Bi Kioo alirudi kwenye sinki lake, akachemsha maji ya chai tu, na kila jioni kabla ya kuvua aproni alifungua sanduku kuchungulia. Siku ya kwanza, utando. Siku ya tatu, unene wa ukucha. Siku ya tano aliamka na wasiwasi kwamba halijai upesi, akamuuliza Mzee Karai kama anaweza kumwazima upawa mmoja wa mafuta yake.

"Hiyo ni kuibia mtihani," alisema Mzee Karai. "Lakini ningekupa."

Haikuhitajika. Fundi alipokuja na kuinua mfuniko, uchochoro mzima uliinama. Mafuta ya kahawia, vidole viwili na nusu, yakinuka kwa haki yake. Fundi alitia kijiti, akapima, akatikisa kichwa juu na chini.

"Chafu," alisema. "Hongera, bibi."

Watu walipiga makofi. Bi Kioo alijikohoza na kuangalia pembeni, kama siku ile. Kisha alipiga goti, akachukua upawa, akaanza kuchota, na alipofika pembeni kabisa, pale ambapo upawa haufiki vizuri, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa vitunguu aliokuwa ameuchomeka kwenye aproni.

"Ee-eh!" alisema Mzee Karai.

"Nakuna mkono tu," alisema Bi Kioo, akauficha mfuko nyuma ya mgongo.